Mtu wa Pili Ameonekana

Niš, 14 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limekubali kupanda kile kilima cha kwenda kwa mbuzi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, tena analalamika, kwa hiyo ujue dada yako yuko mzima. Toka juzi anachoma pilipili hoho kibarazani, ghorofa ya tano, na moshi umejaa ngazi zote. Majirani badala ya kugomba wanapanda na visahani, eti wanakuja kuonja. Ameapa mwaka huu ajvar, ile rojo yake ya pilipili za kuchoma, itakuwa kidogo. Huapa hivyo kila mwaka, halafu mimi ndiye natafuta pa kuziweka chupa.

Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikuambia kuwa mvua imenyesha, nawe ukanipa pole ya msiba. Acha tuandikiane.

Sasa la maana. Unajua kampuni yetu ya mabasi imefungwa tangu mwezi wa tano. Miaka yote ile ya kupanga zamu za madereva na kuwatangazia abiria imekwisha, na kila siku natafuta kazi. Nilidhani mambo ni yale yale ya zamani: unavaa vizuri, unakwenda, mtu anakutazama, anakuuliza umezaliwa na nani, anagundua kwamba anamjua binamu yako, kisha anakukataa mbele ya macho yako. Siku hizi huoni mtu. Wanakutumia kiungo cha mtandaoni, unakaa mbele ya kompyuta, unafanyiwa mtihani.

Kwanza maumbo. Pembetatu inazunguka, nukta inahama pembeni, mstari unakatika, nawe useme litakalofuata. Juu ya kioo kuna ukanda wa kijani unaofupika kadiri muda unavyokwisha, na macho yangu yanautazama ukanda badala ya kuitazama nukta. Hiyo ilikuwa kazi ya kuuza mikate, mjomba. Mikate! Baada ya hapo maswali ya tabia. "Napenda kuwa na watu." Kweli kabisa, au si kweli kabisa? Ukishajibu, wanazunguka wanarudi kwa mlango wa nyuma: "Napendelea kukaa peke yangu." Wanakutega kama polisi anavyomtega mwizi wa kuku.

Nilimaliza Jumapili mchana, mama akipakua supu. Kufika mezani, jibu limeshaingia: tunakushukuru, wasifu wako haulingani na nafasi hii. Supu yenyewe ilikuwa haijapoa. Hata Mungu alipumzika Jumapili.

Na sasa jambo ambalo nakuomba lisitoke kwako. Nimejiandikisha kwa wakala anayepeleka watu Ujerumani, kwenye ghala la kufungasha dawa. Basi linaondoka mwishoni mwa Januari, baada ya Krismasi yetu ya Kiorthodoksi. Mkataba ni wa miaka miwili, na wote tunajua miaka miwili ya Ujerumani inavyorefuka. Nikipata kazi hapa kabla ya siku hiyo, nitakwenda kufuta jina langu. Nisipopata, nitapanda basi, na mama atabaki peke yake na moyo wake ule mgonjwa. Sitaki kwenda, mjomba. Nakuambia wewe kwa sababu yeye sithubutu kumwambia. Nisaidie kunyamaza.

Mpwa wako akupendaye,
Zorana

*

Gornji Dol, 2 Oktoba

Zorana mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, ingawa tarishi alikaa nayo siku kadhaa kwa sababu gari lake halipandi huku matope yakizidi. Mimi mzima. Goti ni zima upande mmoja. Plamu zimezaa vibaya mwaka huu, lakini kwa pombe yangu ya rakija zitatosha, Mungu hajanitupa. Yule mbuzi mweusi amekula soksi zangu kwenye kamba, namwangalia na ninamtafakari kwa ajili ya sikukuu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sasa nisikilize. Kwanza, mtu akikuuliza kama huwa unakasirika, nawe ukamjibu hapana, basi wewe ni mwongo au ni maiti, na wote wawili hawafai kuajiriwa. Sema ukweli, wakome. Pili, huyo anayesahihisha huo mtihani ni nani? Ana jina, ana mke, ana mama anayeumwa mgongo. Tafuta mtu anayemjua. Mpelekee kahawa na sanduku la peremende laini za ratluk, mwulize hali ya nyumbani, ndipo umweleze shida yako. Kazi zimepatikana hivyo tangu enzi za babu yangu, na treni zilitembea.

Usiniambie eti hakuna mtu, ni mashine. Punda naye ana mwenyewe.

Kuhusu lile la basi, nimelimeza. Mimi ni kaburi. Mama yako angenifunga kamba akanining'iniza nisingesema. Lakini nakwambia ukweli, limenikaa kifuani. Ulipozaliwa nilikuwa zamu ya usiku stesheni ya Pirot, nikampigisha dereva wa treni ya mizigo honi mpaka mkuu wa stesheni akanikata mshahara. Sikuipigisha honi ile ili uende ukafungashe vidonge vya Wajerumani.

Nimeandika pembeni mwa karatasi kwa kuwa nafasi imeisha. Usiseme ni ule ubahili tunaotaniwa nao watu wa Pirot, sema utunzaji.

Mjomba wako,
Budimir

*

Niš, 20 Oktoba

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mwache mbuzi, soksi zenyewe zilikuwa na matundu, nimeziona kwa macho yangu. Hapa tunaendelea. Mama alipata kizunguzungu wiki iliyopita, daktari kamwongezea kidonge, naye anasema kizunguzungu kilitokana na kumwona daktari. Chupa za ajvar zimejaa stoo mpaka mlango haufunguki wote.

Nimecheka sana ule ushauri wa kahawa na ratluk. Mjomba, ningempelekea nani? Wiki jana nilifanya mtihani wa kampuni ya simu. Safari hii walinipa puto. Kweli, puto, kwenye kioo. Kila ukibonyeza linajaa upepo na unapata alama, likipasuka unapoteza zote. Nilibonyeza kidogo kidogo kwa uangalifu. Jibu likaja: mwombaji hana uthubutu. Uliofuata, nikabonyeza kwa nguvu zote, maputo yote yakapasuka. Jibu: mwombaji hana subira. Niambie wewe, mwanamke wa miaka arobaini ajifunze upya kupuliza?

Kisha kuna ule wa kuzungumza na kamera. Swali linatokea kwa maandishi, kinataa chekundu kinawaka, nawe unajieleza mbele ya sura yako mwenyewe. Hakuna anayeitikia, hakuna anayeguna, hakuna wa kukuambia "enhe". Nilijisikia kama nimeanza kuchanganyikiwa. Katikati nilijiuliza mwenyewe, "Unanielewa?" Na hiyo nayo imerekodiwa.

Lakini kuna kazi moja ninayoiombea. Kampuni ya lifti inatafuta watu wa kukaa kwenye simu. Mtu akikwama kwenye lifti anabonyeza kengele, unampokea wewe, unamtuliza, unamtuma fundi. Mjomba, hiyo ni kazi yangu! Nimewatuliza abiria wa basi la Leskovac siku ya theluji, nitashindwa na mtu mmoja ndani ya sanduku? Watanitumia kiungo. Sharti lao ni kukaa peke yako chumbani, kamera ikiwa wazi, mlango umefungwa, pasiwe na sauti nyingine yoyote.

Slava yetu, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, ndiyo inakaribia. Sikualiki, maana hakuna anayealikwa kwenye slava. Mlango utakuwa wazi. Ila umekosa miaka mitatu, na mama anahesabu.

Wako,
Zorana

*

Gornji Dol, 12 Novemba

Zorana mwanangu,

Nimefika salama. Dereva wa basi alinishusha hadi daraja la chini, nikapanda kwa miguu na mfuko wa sarma, nyama iliyoviringwa kwa kabichi, alionifungia mama yako. Nimeila yote, sikumpa mtu, hata jirani aliyekuja kuuliza habari za safari.

Slava ilikuwa nzuri mno, namshukuru Mtakatifu Dimitrije na namshukuru dada yangu. Mshumaa uliwaka bila kuyumba, mkate wa slava ulimegeka vizuri, yule padri kijana haharakishi maneno. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nilipomwona mama yako hakai hata dakika moja, anazunguka na sinia, nilimkumbuka marehemu baba yako alivyokuwa akisimama kutwa nzima kuwahudumia wageni. Nyumba ya watu ile.

Nilikutafuta wewe. Huyu anasema yuko jikoni, yule anasema kashuka dukani. Nikajisemea, mtoto wa dada yangu siku ya slava yao amekaa peke yake? Haiwezekani. Nikafungua milango yote, na ule wa stoo nikauvamia kwa bega kwa sababu ya zile chupa. Kumbe uko ndani, umekaa juu ya kreti mbele ya kompyuta, uso mweupe. Samahani kama nilikukatiza. Ulikuwa mtihani wa lifti, sivyo? Sikuelewa mpaka nilipokuwa kwenye basi. Lakini furaha ya kukuona ilinizidi, na nilikuwa nimekuja na langu moyoni, likatoka. Angalau nilikumbuka kunong'ona. Nilikushika bega nikakunong'oneza kabisa, mama yako asisikie.

Niliporudi sebuleni watu walikuwa wametulia kimya, hata wale wa meza ya vijana. Nikafurahi. Siku hizi ni nadra watu kuiheshimu slava namna ile.

Zamani siku ya mtakatifu huyu, Mitrovdan, ndipo watumishi walipoachana na mabwana wao na kutafuta wapya. Nimeiona ni dalili njema kwako. Niandikie umepata alama ngapi.

Mjomba wako,
Budimir

*

Gornji Dol, 30 Novemba

Zorana,

Tarishi amepita mara mbili bila kitu. Mara ya kwanza nilimlaumu yeye. Mara ya pili nimeanza kujilaumu, ingawa sijui nijilaumu kwa lipi.

Theluji imeanguka. Mbuzi wako ndani, mimi niko ndani, tunatazamana. Kama mtihani uliharibika kwa ajili yangu, niambie, nitashuka mjini niende kwa hao watu wa lifti nikawaeleze kwa mdomo wangu. Kama mama yako anaumwa, niambie leo hii. Na kama umeamua lile la basi na huwezi kuniandikia, basi andika salamu tu, nitaelewa.

Sipati usingizi mzuri, mwanangu.

Budimir

*

Niš, 9 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, mimi ni mzima. Naanza na hilo ili upumue.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kukutukana kwa wino. Sasa hasira imeisha, na nitakusimulia kila kitu, kwa sababu nimegundua hujui ulichofanya.

Mjomba, hukunong'ona.

Kiungo cha mtihani kilikuja Ijumaa, mwisho Jumamosi jioni. Ijumaa nilijaribu, mtandao wao ukaniambia mfumo uko kwenye matengenezo. Ikabaki Jumamosi, siku ya slava yenyewe. Nilingoja mpaka watu wamekaa kula, nikajifungia stoo. Maumbo niliyapita. Tabia niliipita. Nilikuwa kwenye puto, na lilikuwa linajaa vizuri, ndipo mlango ukapigwa kikumbo na wewe ukaingia na kipande cha mkate mkononi. Ukanishika bega ukasema, kwa sauti ile unayoitia mbuzi ng'ambo ya bonde: "Zorana! Nakunong'oneza, mama yako asisikie! Usipande basi la Ujerumani! Dada yangu Rada atakufa kwa upweke! Nitauza shamba, nitauza mbuzi, usiende!"

Kioo kikageuka chekundu. "Mtu wa pili ameonekana. Mtihani umesitishwa."

Na nyumba nzima ikanyamaza. Ile heshima ya slava uliyoifurahia, mjomba, ilikuwa hiyo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa sebule na sinia. Aliweka sinia chini, akawaambia wageni, "Kuleni, sarma inapoa." Akawahudumia wote mpaka wa mwisho, akakufungia wewe mfuko wako, akakubusu. Kisha akaosha vyombo vyote bila kusema neno, na alikaa hivyo siku nyingi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Siku moja, anakunja nguo, akaniuliza, "Ungeniambia lini? Ukishafika?" Nikamwambia nilitaka kumkinga. Akasema, "Mficha uchi hazai. Kwenda si kosa, kila nyumba humu ina mtu Ujerumani. Kosa ni kwamba kaka yangu kiziwi alijua kabla yangu." Hapo nikalia, naye akanitukana kidogo, na nikajua tumepatana.

Sasa sikiliza hili. Mtihani uliposimama, kilitokea kisanduku: eleza kilichotokea kwa maneno machache. Niliandika, "Ilikuwa slava yetu. Mjomba wangu alikuja." Nikafunga kompyuta, nikahesabu kuwa imekwisha.

Juzi simu ikalia. Mwanamke mtu mzima, sauti ya watu wa Vojvodina kule kaskazini, pole pole. "Wewe ndiye Zorana? Naitwa Vidosava, natoka kampuni ya lifti. Mtihani ukisitishwa, lazima mtu aukague kwa macho yake. Mtu mwenyewe ni mimi. Huyo mzee ni nani?"

"Mjomba wangu."

"Yuko mzima?"

"Mzima, ila masikio."

"Hilo nimeligundua. Nimetazama mara mbili. Mara ya pili nikawaita wenzangu." Akacheka, mjomba, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kwetu nako slava ni Mitrovdan. Hawa waliotutengenezea mtihani wako mbali, hawajui. Wameandika mwombaji akae peke yake. Mimi mtu anayekaa peke yake siku ya slava ndiye ningemtilia shaka."

Nikamwambia najua nimevunja sharti. Akasema, "Ngoja nikuambie nilichokiona, maana kamera haikuzimika. Kioo kimekuwa chekundu, siri yako imesikika nyumba nzima, na hukumpigia kelele mzee. Ulimkalisha juu ya gunia la viazi, ukamwuliza kama amekula, ukangoja ajibu. Huku kwetu watu hutupigia simu wakiwa wamefungiwa gizani, na wengi wana kelele kuliko mjomba wako. Njoo Jumatano ya tarehe ishirini na nne, tukuone sura."

Mjomba, mtu aliniambia njoo. Mtu! Nilikata simu nikakaa sakafuni. Sijui kama kazi nitapata, lakini tangu mwezi wa tano ile ndiyo mara ya kwanza nilipojisikia nipo.

Nimekusamehe. Lakini nenda kwa daktari wa masikio, nakuomba.

Zorana wako

*

Gornji Dol, 16 Desemba

Zorana mwanangu, jicho langu,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikatoka nje kwenye theluji bila kofia. Kwa hiyo wote walisikia! Padri naye? Usinijibu.

Nimemwandikia mama yako barua yake peke yake, nimemwomba radhi kama mdogo wake ingawa mimi ndiye mkubwa. Mwambie asiisome kwa sauti.

Nina aibu, sitaki kukuficha. Lakini aibu yangu na furaha yangu zimekaa kwenye benchi moja, na furaha ndiyo nene, inamsukuma mwenzake aanguke. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje kimya kimya. Na nilikuambia kuna mtu! Nilikuambia punda ana mwenyewe! Vidosava, jina zuri. Ameolewa?

Kuhusu daktari wa masikio, jibu ni hapana. Nikianza kusikia nitaacha kupiga kelele, na kelele ndizo zilizompa Vidosava kazi ya kutazama. Acha mambo yanayokwenda yaende.

Jumatano nitawasha mshumaa. Na kama watakuuliza unakasirika, sema ndiyo, kwa mjomba.

Yule mbuzi mweusi nimemwachia uhai kwa heshima yako.

Budimir

*

Niš, 17 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwa kalenda zote mbili. Umeshapokea ile kadi ya kusema nimepata, lakini kadi ni ndogo, na najua unataka habari nzima.

Walikuwa watu watatu, meza, na kahawa. Kahawa, mjomba, kwenye vikombe! Nilipoona tu mvuke nilitaka kulia. Mkuu wa zamu, bwana mmoja mnene anayevuta pumzi kwa shida, akaniuliza, "Mtu amekwama, anapiga mateke mlango, anatukana mama yako. Unamwambiaje?" Nikasema, "Namwuliza alikuwa anakwenda kwa nani." Akauliza kwa nini. Nikasema mtu akitaja anakokwenda, akili yake inatangulia huko, na mwili unangoja kidogo. Bi Vidosava akaandika kitu. Yule bwana akaniuliza mama yangu anatoka wapi, nikamwambia karibu na Pirot, akaanza hadithi za ubahili, nikamwongezea mbili asizozijua.

Mtihani waliurudia palepale ofisini, sheria ni sheria. Nilipata alama za katikati. Bi Vidosava akasema zinatosha, lifti nazo hukwama katikati. Ameolewa, mjomba, tena ana wajukuu.

Jumatatu iliyopita nilianza zamu. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyekwama na mbwa wake. Nilimwuliza anakwenda kwa nani, akasema haendi kwa mtu, mbwa ndiye anayempeleka. Tuliongea mpaka fundi akafika. Alipotoka alisahau kukata simu, nikamsikia anamwambia fundi arudi zake taratibu, ngazi zina barafu.

Jana asubuhi, kabla ya zamu, nilikwenda kwa wakala kufuta jina. Nilikuwa nimeahirisha. Niseme tu ukweli, niliogopa kwamba nikifuta upesi, watu wa lifti nao watanigeuka. Binti wa pale akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akalifuta, akamwita mwanamume aliyekuwa nyuma yangu. Nilishuka ngazi nikihisi mwepesi mpaka nikashika ukuta.

Kuna jambo sikuwahi kukuandikia, kwa sababu sikuwa nimelitambua. Tangu siku ile ya slava, mama hakuniuliza tena jambo la kesho. Alikuwa akiniuliza ya leo tu: umekula, una baridi, unarudi saa ngapi. Nilipomwambia nimepata kazi alinibusu, akasema vizuri, akarudi kwenye sufuria. Nikadhani bado amenuna kidogo. Kumbe alikuwa anangoja aone kama basi litaondoka nami.

Jana niliporudi nikamwambia jina halipo tena kwenye orodha yao. Alichukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi, akaifuta tena, kisha akaniuliza bila kuniangalia:

"Kesho nipike nini?"

Nikamwambia maharage ya kuoka. Tukalia wote wawili, mjomba, tumeshikana pale mezani, kwa sababu ya maharage.

Yameshaiva. Ananiita.

Mpwa wako, wa hapa hapa Niš,
Zorana